Bamba la Chuma Laweza Kuchukua Uzito Gani?

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya jambo ambalo wengi wetu hulipita kila siku pasipo kuliwaza. Sisi tukaao Nassa, kando ya Ghuba ya Speke, twaona mabamba ya chuma pande zote: juu ya mtaro mbele ya duka, chini ya magurudumu ya lori lililobeba pamba, na katika sitaha ya kivuko. Mtu hukanyaga bamba, huliona gumu, kisha husema moyoni mwake, "Chuma ni chuma, kitachukua mzigo wo wote." Neno hilo si kweli. Basi na tueleze jinsi wanadamu walivyojifunza kupima nguvu za bamba, na faida tuipatayo sisi katika elimu hiyo.

Wa kwanza kuliandika jambo hili kwa hesabu alikuwa Galileo, mtaalamu wa Italia, katika kitabu kilichopigwa chapa mjini Leiden, Uholanzi, mwaka wa 1638. Yeye aliuliza habari za boriti. Je, boriti ikiongezwa kimo mara mbili, nguvu zake huongezeka mara ngapi? Wengi wangejibu, mara mbili. Galileo alionyesha ya kuwa ni mara nne. Kila seremala alijua tangu zamani kwamba ubao uliosimamishwa kwa ubavu hauvunjiki upesi kama ule uliolazwa. Lakini kujua kwa mkono ni jambo moja, na kujua kwa hesabu ni jambo la pili.

Bamba lina shida kuliko boriti, kwa maana hupinda huku na huku kwa wakati mmoja. Mjerumani mmoja, Chladni, alinyunyiza mchanga juu ya mabamba membamba ya madini, akayasugua ukingoni kwa uta wa fidla; mchanga ukakimbia ukajipanga kwa mistari ya ajabu. Alipoyaonyesha hayo mjini Paris, wataalamu wa Ufaransa waliahidi tuzo kwa mtu atakayeeleza sababu yake kwa hesabu. Aliyeipata, mwaka wa 1816, alikuwa mwanamke, Sophie Germain, ambaye katika ujana wake hakuruhusiwa kuingia chuo kikubwa cha hesabu kwa kuwa ni mwanamke, akajifunza kwa kusoma maandiko ya masomo yaliyotoka chuoni humo. Alijaribu mara tatu ndipo akashinda. Kazi yake ilikuwa na makosa bado, na Mjerumani Kirchhoff aliyanyosha mwaka wa 1850.

Mwaka huo huo wa 1850 daraja la Britannia lilifunguliwa huko Wales, nalo lilikuwa kama bomba kubwa lililoundwa kwa mabamba ya chuma, garimoshi likapita ndani yake. Kabla ya kulijenga, fundi William Fairbairn alitengeneza mifano midogo akaitwika mizigo mpaka ikaharibika. Watu walidhani chuma kitapasuka upande wa chini. Kumbe upande wa juu ndio ulioanza kujikunja kama karatasi! Basi wakautia nguvu upande wa juu. Hapo twaona busara kubwa: ni heri mfano mdogo uvunjike katika karakana kuliko daraja livunjike likiwa na watu.

Sasa na tulete hesabu hiyo nyumbani. Tuchukue bamba la chuma cha pua, yaani feleji ya kawaida, lenye urefu wa meta moja, upana wa meta moja, na unene wa milimeta 10. Bamba hilo peke yake lina uzito wa kilo 78 na nusu. Tuliweke juu ya mihimili miwili, mmoja kila upande, kisha tutwike mzigo katikati, umelala kama gogo toka ukingo hata ukingo. Litachukua kiasi cha tani moja kwa salama, nalo litabonyea katikati milimeta 12 hivi. Mzigo ukifika karibu tani moja na robo tatu, bamba litaanza kupinda pasipo kurudi. Nafasi ile iliyo kati ya tani moja na tani moja na robo tatu si ya kutumiwa, ni akiba. Imewekwa kwa sababu ya lori linaloruka shimoni, kwa sababu ya chuma chenye dosari isiyoonekana, na kwa sababu ya mtu aliyekadiria mzigo kwa macho tu.

Tukilipunguza bamba lile unene likawa milimeta 5, halitachukua nusu tani, bali robo tani tu. Tukiliongeza likawa milimeta 20, litachukua tani nne. Ndiyo kanuni ile ile ya Galileo. Tena, tukiitenga mihimili meta mbili, kwa bamba refu zaidi, ile tani moja itakuwa nusu tani. Lakini mzigo ukitandazwa sawasawa juu ya bamba lote, kama mchanga, bamba la kwanza litachukua tani mbili badala ya moja. Basi aulizaye, "Bamba hili lachukua uzito gani?" hana budi kuuliza mambo matatu: Unene wake ni nini? Mihimili yake imeachana kiasi gani? Na mzigo umekaaje juu yake? Asiyeyajua hayo matatu hana jibu, hata akiwa fundi wa miaka mingi.

Elimu hiyo ndiyo iliyoleta meli za chuma katika ziwa letu. Meli iitwayo William Mackinnon ililetwa Mombasa toka Uingereza vipande vipande, vikachukuliwa bara kwa reli na kwa vichwa vya wapagazi, vikaungwa Kisumu. Meli ikashushwa majini mwaka wa 1900. Mpagazi alichukua kiasi cha ratli 60. Bamba lile tulilolitaja lingekuwa mzigo wa watu watatu! Kwa hiyo unene haukuweza kuongezwa ovyo. Maji nayo husukuma: kwa kina cha meta mbili, kila meta ya mraba ya bamba husukumwa kwa nguvu ya tani mbili. Ndiyo sababu meli ina mbavu nyingi ndani, kama mataruma ya jahazi. Mbavu zikikaribiana nusu meta badala ya meta nzima, bamba lile lile huweza kustahimili msukumo mara nne.

Lakini yuko mwizi wa nguvu hizo, naye ni kutu. Bamba la milimeta 10 likiliwa na kutu milimeta tatu, mtu atasema, "Limebaki sehemu saba katika kumi." Kwa unene, ndivyo; kwa nguvu, limebaki nusu tu. Wajerumani wa Kigoma walimjua mwizi huyu. Meli yao Graf von Goetzen, iliyoletwa toka Ujerumani ndani ya masanduku na kushushwa Ziwa Tanganyika mwaka wa 1915, waliizamisha wenyewe mwezi wa Julai 1916 ili isitekwe. Lakini kwanza waliipaka mitambo mafuta mazito. Ilipoinuliwa mwaka wa 1924 mitambo ilifaa bado, na mwaka wa 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Hata hivyo, chuma kizima si dawa ya kila jambo. Ng'ambo ya ghuba yetu, karibu na kisiwa cha Ukara, kivuko MV Nyerere kilipinduka tarehe 20 Septemba 2018, na watu zaidi ya 220 wakafa. Hakikuvunjika bamba, kilikuwa kimepakia watu kupita kiasi chake, ambacho kilikuwa karibu watu mia moja. Yale maandishi ya kiasi cha mzigo, yawe kivukoni au darajani, si mapambo. Ni hesabu iliyofanywa na watu kwa muda wa karne nyingi ili sisi tusiifanye kwa maisha yetu.

Basi, ndugu zetu, mwonapo bamba limebonyea lisirudi, au kutu imemenyeka kwa magamba, mwambieni mwenye kulitunza kabla lori la pamba halijapita. Wazee husema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nanyi wanafunzi, chukueni vipande viwili vya bati vyenye upana mmoja, kimoja kikiwa na unene mara mbili ya kile kingine, kisha vipakieni mawe juu ya matofali mawili. Mtajionea kwa macho yenu yale ambayo Galileo aliyaandika.