Programu ya ukaguzi wa vyuma vya ujenzi

Programu ya ukaguzi wa vyuma vya ujenzi ni programu ya kompyuta inayopima kama nguzo, boriti, kenchi na vipande vingine vya feleji katika jengo, mnara au daraja vinatimiza masharti ya kanuni za usanifu. Hutumiwa na wahandisi wa ujenzi baada ya kujua nguvu zinazopita ndani ya kila kipande. Kwa kawaida jibu lake ni namba moja kwa kila kipande: ikiwa haizidi 1.0 kipande kinakubaliwa, ikizidi kinakataliwa.

Baadhi ya programu hizo hufanya kazi ya ukaguzi peke yake. Nyingine ni sehemu ya programu kubwa zinazokokotoa pia nguvu za muundo mzima, kama vile SAP2000, ETABS, STAAD.Pro na Robot.

## Historia

Msingi wa hesabu hizo ni wa zamani kuliko kompyuta. Katika karne ya 18 mwanahisabati Leonhard Euler alionyesha kwamba nguzo nyembamba inayobanwa haisubiri kupondeka, bali hupinda upande kwa ghafla mzigo unapofikia kiasi fulani. Kiasi hicho hupungua haraka kadiri nguzo inavyokuwa ndefu: urefu ukiongezeka mara mbili, mzigo huo hushuka hadi robo.

Katika karne ya 20 nchi mbalimbali zilianza kuandika kanuni rasmi. Taasisi ya Marekani ya ujenzi wa feleji, AISC, iliundwa mwaka 1921 na kutoa kanuni zake za kwanza mwaka 1923. Uingereza ilitoa BS 449 mwaka 1932. Kwa miongo mingi wahandisi walikagua vipande kimoja kimoja kwa mkono, wakitumia majedwali na rula ya kukokotolea.

Katika miaka ya 1960 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, walitengeneza programu za STRESS na STRUDL. Hiyo ya pili iliweza pia kuchagua na kukagua vipande vya feleji. Mwaka 1970 Edward L. Wilson wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alitoa programu ya SAP, ambayo jina lake linaendelea katika SAP2000. Kompyuta ndogo za mezani zilipoenea katika miaka ya 1980, ukaguzi huo ulifika hata kwenye ofisi ndogo za wahandisi.

## Namna inavyofanya kazi

Mhandisi huipa programu umbo la mkato wa kipande, aina ya feleji, urefu, namna ncha zake zilivyofungwa na mahali kinaposhikwa pembeni. Kisha programu hupitia hatua zifuatazo:

* kupanga mkato katika daraja, kulingana na wembamba wa bamba zake;
* kukagua nguvu za kuvuta, kubana, kukata na kupinda, kila moja peke yake;
* kukagua hatari ya kipande kupinda upande au kujisokota;
* kukagua nguvu hizo zinapotokea kwa pamoja;
* kurudia yote kwa kila mchanganyiko wa mizigo: uzito wa jengo, watu, upepo, theluji au tetemeko.

Uwiano mkubwa kuliko yote ndio unaoripotiwa. Jengo la kawaida huweza kuwa na mamia ya vipande na makumi ya michanganyiko ya mizigo, hivyo kuna maelfu ya hesabu ambazo ni vigumu kuzimaliza kwa mkono.

## Kanuni zinazotumika

Programu nyingi humruhusu mhandisi kuchagua kanuni. Zinazotumika sana ni AISC 360 ya Marekani na Eurocode 3 ya Ulaya. Uingereza ilitumia BS 5950 tangu mwaka 1985 hadi ilipoondolewa mwaka 2010 na nafasi yake kuchukuliwa na Eurocode 3. Katika Afrika Mashariki kanuni za Uingereza zilitumika kwa muda mrefu kutokana na historia ya ukoloni.

Kanuni hizo hazilingani katika kila jambo. Eurocode 3 hutumia mikondo mitano ya kupinda, ambayo huchaguliwa kwa kufuata umbo la mkato na mhimili wa kupinda, ilhali AISC 360 hutumia mmoja. Kwa sababu hiyo kipande kilekile kinaweza kupata uwiano tofauti chini ya kanuni mbili.

## Mfano

Nguzo ya HEA 200 ya feleji ya S275, yenye urefu wa mita 4 na ncha zinazoweza kuzunguka, inabeba mzigo wa kilonyutoni 1,000. Kwa Eurocode 3, ikiwa haikushikwa popote katikati, uwezo wake ni takriban kilonyutoni 865. Uwiano ni 1.16, na nguzo inakataliwa.

Mhandisi akiieleza programu kwamba nguzo imeshikwa katikati upande wake dhaifu, uwezo unapanda hadi takriban kilonyutoni 1,270 na uwiano unashuka hadi 0.79. Nguzo ni ileile na mzigo ni uleule. Kilichobadilika ni maelezo tu. Programu haiwezi kujua kama kishikizo hicho kitafungwa kweli, au kama kina nguvu ya kutosha.

## Ajali ya Hartford

Hatari hiyo ilionekana tarehe 18 Januari 1978 huko Hartford, Connecticut, Marekani. Paa la ukumbi wa michezo wa jiji, lenye upana wa takriban mita 91 na urefu wa mita 110, lilianguka usiku wa theluji. Saa chache kabla yake takriban watazamaji 5,000 walikuwa ndani wakiangalia mpira wa kikapu. Hakuna aliyeumia.

Paa hilo lilikuwa limesanifiwa kwa msaada wa kompyuta. Wakati wa ujenzi lilipinda kuelekea chini kama mara mbili ya kiasi kilichokokotolewa, lakini onyo hilo halikufuatiliwa. Uchunguzi uliofanywa kwa niaba ya jiji ulionyesha kwamba vyuma vya juu, vilivyobanwa na uzito wa paa, vilihesabiwa kana kwamba vimeshikwa katikati, wakati vishikizo vilivyojengwa havikutosha. Wachunguzi wengine walitofautiana juu ya kipande kilichoanza kushindwa.

## Mipaka

Programu hukagua kile tu ilichoelezwa. Mara nyingi maungio, yaani boliti na weldi, huhitaji ukaguzi wa pekee, na kutu au makosa ya mafundi hayamo katika hesabu. Kwa hiyo wahandisi hushauriwa kurudia kwa mkono hesabu za vipande vichache muhimu, kulinganisha michoro na jengo lenyewe, na kutafuta sababu kila paa au boriti inapopinda kuliko ilivyotarajiwa. Wajibu wa usalama hubaki kwa mhandisi anayetia sahihi.

## Tazama pia

* Feleji
* Uhandisi wa ujenzi
* Leonhard Euler