Ziara ya mji wa kale wa Dar es Salaam

Ziara ya mji wa kale wa Dar es Salaam ni matembezi ya siku moja yanayofanywa pamoja na kiongozi kati ya Feri na Kariakoo, nchini Tanzania.

Vituo

Matembezi huweza kuanzia soko la samaki la Feri. Mbele ya bandari lipo Boma la Kale, lililojengwa miaka ya 1860 wakati wa Sultani Majid bin Said wa Zanzibar. Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu na kanisa la Kilutheri la Azania Front ni ya enzi za Wajerumani, waliofanya mji huu makao makuu ya koloni lao mwaka 1891.

Sanamu ya Askari (1927) ni kumbukumbu ya askari na wapagazi Waafrika wa Vita Kuu ya Kwanza. Jina la Kariakoo limetokana na "Carrier Corps", kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Maelfu yao walikufa, hasa kwa maradhi. Soko la Kariakoo, lililobuniwa na Beda Amuli miaka ya 1970, liliungua Julai 2021.

Uhifadhi

Majengo mengi ya kale yamebomolewa kupisha maghorofa, na vituo vya ziara vimepungua.