Ugomvi uliotuletea mikongo mitatu

Jumapili ya Mei 12, 2024, simu nyingi za Dar es Salaam, Kampala na Mombasa zilikuwa na chaji na salio, ila hazikufungua kitu. Mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilikuwa imekatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na mingine ya Bahari ya Shamu ilikuwa bado inangoja fundi tangu ilipokatika Februari. Siku hiyo wengi walitambua kwamba intaneti haishuki kutoka angani. Inapita chini ya bahari, katika nyuzi za kioo nyembamba kama unywele.

Nyuzi hizo zilitufikia kwa ugomvi. Ninapousimulia ninategemea sana maelezo ya Bitange Ndemo, aliyekuwa Katibu wa Kudumu wa Wizara ya Habari na Mawasiliano ya Kenya, aliyeyaandika katika kitabu cha Digital Kenya alichohariri na Tim Weiss mwaka 2017. Msomaji ajue basi kwamba anausikia zaidi upande wa Nairobi.

Yaliyotangulia yanajulikana. Mwaka 1879 Waingereza walitandaza waya wa telegrafu kutoka Aden hadi Zanzibar, ukaendelea hadi Durban. Mwaka 1966 Charles Kao na George Hockham, wakiwa Harlow, Uingereza, walionyesha kwamba kioo kikisafishwa vya kutosha kitabeba mawasiliano kwa mwanga, na miaka minne baadaye maabara ya Corning huko Marekani ikautengeneza uzi wenyewe. Mkongo wa nyuzi hizo ukaivuka Atlantiki 1988. Afrika Magharibi ikapata mkongo wa SAT-3 mwaka 2002. Sisi wa mashariki tulibaki na setilaiti, na kampuni zetu zikilipa maelfu ya dola kwa mwezi kwa kila megabiti moja ya kasi.

Mwaka 2003 kampuni za simu za ukanda huu zilianza kupanga mkongo wa pamoja, EASSy, wa kilomita kama 10,000 kutoka Mtunzini, Afrika Kusini, hadi Port Sudan. Mara likazuka swali la nani atakuwa mwenye mali. Kampuni zilitaka ubia wao wenyewe: anayetoa fedha ndiye apange bei. Wasimamizi wa NEPAD, mpango wa maendeleo wa nchi za Afrika, wakakataa. Walitaka serikali ziwe na sauti, na kila kampuni, hata ndogo isiyo mbia, iuziwe nafasi kwa masharti yaleyale. Hoja yao ilikuwa ya haki, nami naiunga mkono hadi leo, kwa sababu kule magharibi SAT-3 ilifika lakini bei haikushuka kama watu walivyotarajia; wachache walikuwa wameushika mlango.

Nairobi iliisikia hoja hiyo kwa sikio jingine. Iliona uamuzi wote unahamia kusini, na kwamba Afrika Kusini itakaa na ufunguo wa mali ya wengi. Itifaki yenye masharti hayo ilipoletwa Kigali mwaka 2006, Kenya haikutia saini. Waziri wa wakati huo, Mutahi Kagwe, pamoja na Ndemo, wakageukia Ghuba. Waliafikiana na kampuni ya simu ya Etisalat ya Umoja wa Falme za Kiarabu kutandaza mkongo wa Kenya, TEAMS, kutoka Fujairah moja kwa moja hadi Mombasa. Gharama yake ilitajwa kuwa dola milioni 130. Kampuni za simu za Kenya zilichangia, na serikali ikabaki na hisa zake.

Wapo waliouita uamuzi huo usaliti. Tanzania ilibaki na EASSy na ikausubiri. Wakati huohuo wawekezaji binafsi wa SEACOM walikuwa wakitandaza wa kwao bila kungoja itifaki ya mtu yeyote, mpaka maharamia wa Somalia walipowachelewesha.

Juni 12, 2009, Rais Mwai Kibaki aliupokea TEAMS katika sherehe iliyofanyika Fort Jesus, ngome ya kale ya Mombasa. Lakini SEACOM ndiyo iliyotangulia kuwaka, Julai 23 mwaka huohuo. EASSy ikafuata Julai 2010, miaka saba baada ya mazungumzo ya kwanza.

Ndemo anausimulia uamuzi ule kama ujasiri wa Kenya. Mimi nauona kama bima ambayo hakuna aliyekusudia kuikata. Wangeelewana wote, tungebaki na mkongo mmoja. Februari 2012 EASSy na mingine miwili ilikatika katika Bahari ya Shamu, na siku chache baadaye meli iliyotia nanga mahali palipokatazwa karibu na Mombasa ikaikata TEAMS. Kasi ilishuka, watu wakalalamika, lakini SEACOM ilikuwa bado inapitisha mwanga.

Tangu hapo mengi yamefanyika bila sherehe. Mwaka 2009 kila rangi ya mwanga ndani ya uzi ilibeba gigabiti 10 kwa sekunde. Leo ni 100 na zaidi, na hakuna aliyegusa sakafu ya bahari. Kilichobadilishwa ni mitambo ya nchi kavu, yenye chipu ndogo zinazotawala mwanga wa leza na kuusoma kwa undani zaidi ya kuwaka na kuzima. Mikongo mipya nayo imeongezeka: PEACE ilitua Mombasa 2022. 2Africa, yenye urefu wa kilomita 45,000, imekuja na hadi jozi 16 za nyuzi.

Ukiingia Fort Jesus, waongozaji watakueleza kwamba Wareno walianza kuijenga 1593, na kwamba Waomani waliizingira kuanzia 1696 hadi 1698. Wanaieleza vizuri, kwa fahari. Juni 12, 2009 sijawahi kuisikia ikitajwa. Ndani ya ngome mna makumbusho, na kipande cha mkongo ule, nyuzi zake za kioo zikionekana katikati ya waya za chuma, kingeenea katika kabati dogo kabisa.