Toyota Vitz: Herufi za nyuma zisikupumbaze

Anayetafuta Toyota Vitz iliyotumika katika mitaa ya Buruburu, Donholm au Umoja, Nairobi, hukumbana kwanza na herufi zilizobandikwa nyuma ya gari. Herufi hizo hutaja daraja la gari, nazo ndizo mabroka hutumia kupandisha bei. Kasoro ni kwamba zaweza kubanduliwa na nyingine kubandikwa kwa dakika chache.

Katika kizazi cha tatu, kilichouzwa Japani tangu mwishoni mwa 2010 hadi 2020, F ndilo daraja la kawaida. Injini yake huwa ya sentimita za ujazo 996 au 1,329. Jewela ni F iliyorembwa. Tofauti ni rangi na mapambo, wala si nguvu. RS ndiyo yenye injini ya 1,496, na tairi zake ni pana na fupi kwa kimo. Hupendeza machoni, lakini kwenye mashimo ya barabara za ndani ya mitaa hiyo rimu zake huumia upesi kuliko za F.

Ushahidi wa kuaminika umo kwenye kibati cha mtengenezaji. Msimbo KSP130 ni injini ya 996, NSP130 ni 1,329, na NCP131 ni 1,496. Ujazo huo sharti ulingane na ule ulioandikwa katika hati ya umiliki. Gari lenye nembo ya RS na msimbo KSP130 limevishwa jina lisilo lake, na halistahili kulipiwa bei ya RS.