Bomani Tulipita Mbio

Ndugu wana-Pangani, mlioko nyumbani na mlioko mbali,

Katika sisi tuliosomea Pangani, hakuna ambaye hakuwahi kupita Bomani mbio. Jioni, tukitumwa mafuta ya taa, tulikwenda wawili wawili tumeshikana mikono. Tukifika usawa wa nguzo tulinyamaza, kisha tukatimua mbio mpaka penye taa za maduka. Kaka zetu walikuwa wametuambia kwamba jengo lile lilipojengwa, watumwa walizikwa wazima chini ya nguzo ili lisimame imara. Ukiweka sikio ukutani usiku, walisema, utasikia mtu anakohoa. Hatukumjua hata mmoja aliyewahi kuweka sikio.

Kila upande ulikuwa na mambo yake. Wenzetu wa Bweni walikuwa na mwanamke mrembo anayengoja kivuko cha mwisho. Ukimmulika miguuni, unaona kwato. Waliotoka kambi za mkonge walituletea habari za mnyapara asiyeonekana, ambaye usiku wa manane huita namba, na sauti huitika kutoka katikati ya shamba. Mwaka 1995, habari za popobawa zilipovuma kutoka Pemba na Unguja, tuliunganisha vitanda bwenini. Mwalimu wa zamu alitucheka mchana kutwa, lakini usiku alituachia taa.

Leo tunacheka tukikumbushana. Lakini sisi tunaoandika haya kazi yetu ni hesabu, na mtu wa hesabu akiona jambo linarudi kila mwaka katika vitabu, hulitafutia chanzo. Iwe kweli ama isiwe, hadithi ya nguzo za Boma haikuzuka hewani.

Katika karne ya 19 mji wetu ulikuwa mlango wa misafara ya bara. Pembe za ndovu zilishuka hapa, na watu nao walishushwa hapa. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa na kukataza wasisafirishwe kwa bahari. Utumwa wenyewe haukuisha. Kandokando ya mto wetu mashamba ya miwa yalikuwa yakipanuka, na yalihitaji watu wa kulima, kukata na kukesha vinuni. Sheria iliyofuta utumwa Tanganyika ilikuja mwaka 1922, wakati wa Waingereza.

Agosti 1888 kampuni ya Wajerumani ilipopandisha bendera yake Pangani, mji ulikataa. Abushiri bin Salim akaongoza vita vilivyoenea pwani, na tarehe 15 Desemba 1889 alinyongwa hapa hapa kwetu. Tunamheshimu, na jina lake tulilisoma shuleni. Lakini yeye naye alikuwa na shamba la miwa lililolimwa na watumwa, na majina ya waliomlimia hatukuyasoma popote.

Ukaja mkonge. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62, ikapandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto. Tazameni hesabu ilivyotunzwa: zaidi ya miaka 130 imepita na bado tunajua idadi ya miche iliyopona. Sasa waulizeni wazee kuhusu waliokuja kuikata. Walitoka Kigoma, Songea, Njombe, hata Burundi na Msumbiji. Kila mmoja alipewa namba, na kwa sababu hiyo wakaitwa manamba. Mche ulihesabiwa ukakumbukwa, na mtu alihesabiwa akasahauliwa jina. Ndipo tulipomwelewa yule mnyapara wa usiku. Watoto wa kambini hawakuwa wameyatoa mbali. Walikuwa wakitusimulia ya babu zao.

Na sisi tuliwafanyia nini? Tuliwatania, "mtoto wa manamba!" Mwenzetu mmoja aliacha kuja shule, na hatukumfuata kumwuliza kulikoni.

Kuna jambo jingine linatuuma. Karibu na shule yetu alikuwapo bibi aliyeuza vitumbua. Alituona siku moja tunakimbia kutoka upande wa Boma, akatukemea: "Mnamkimbia nani? Mama yake bibi yangu aliletwa mji huu kwa miguu, kamba shingoni. Piteni mtoe salamu." Tulicheka, tukanunua vitumbua, tukaenda zetu. Hatukumwuliza mama huyo aliitwa nani. Bibi amekwisha kufariki, na jina amekwenda nalo.

Ndiyo maana, ndugu zetu, chumba cha maktaba tunachokichangia mwaka huu tunaomba kiwe na rafu moja ya masimulizi ya kwetu: ya Boma, ya mto, ya mashamba ya miwa na ya kambi za mkonge. Vijana wetu wa sekondari wapewe daftari na kinasa sauti, wakae na wazee maadamu wapo. Tunajua si kila nyumba hupenda kutaja asili yake, na aibu hiyo si ndogo. Atakayetaka jina la nyumba yake lisiandikwe, lisiandikwe. Ila aibu ile ni ya waliouza na walionunua, si ya waliofungwa kamba.

Kwa hiyo tunawaomba michango miwili. Wa kwanza ni fedha, kila mtu kwa uwezo wake. Mapato na matumizi yatasomwa mbele ya mkutano mkuu kama kawaida yetu. Wa pili ni jina moja. Mpigie simu shangazi au babu kabla ya siku ya harambee, umwulize ni nani wa kwenu aliyefika Pangani kwanza, na alifikaje.

Nasi tutakapokuja nyumbani kwa mkutano, tumekubaliana jambo moja dogo. Bomani tutapita taratibu, na tutatoa salamu.