Madeni ya vijana: njia nne za kisheria kwa mtu aliyeshindwa kulipa

Kijana aliyelemewa na deni la kadi ya mkopo au mikopo ya simu nchini Kenya ana njia nne za kisheria za kutafuta nafuu: makubaliano ya hiari na wadai, agizo la kulipa kwa awamu, utaratibu wa mdaiwa asiye na mali, na kutangazwa muflisi. Zote zimo katika Sheria ya Ufilisi Nambari 18 ya 2015, iliyochukua nafasi ya Sheria ya Kufilisika, Sura ya 53. Inayotajwa zaidi ni ya mwisho, ambayo pia ndiyo nzito kuliko zote. Makala haya yanaeleza jinsi kila njia inavyofanya kazi, nani anastahili kuifuata, na kwa nini wakati wa kuchukua hatua una uzito mkubwa.

Deni linavyokua

Mikopo ya simu ilienea baada ya huduma ya M-Shwari kuanzishwa Novemba 2012, kwa ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Ada hiyo huonekana ndogo kwa mtu anayekopa mara moja. Hali hubadilika mkopaji anapochukua mkopo mpya kila mwezi ili kulipa wa zamani. Mtu anayezungusha Sh10,000 kwa njia hiyo kwa miezi 12 atalipa ada ya Sh9,000, na mwisho wa mwaka bado atadaiwa Sh10,000 zile zile.

Kadi ya mkopo huleta mzigo wa namna hiyo hiyo. Mwenye kadi akilipa kile kiwango cha chini tu kinachoonyeshwa kwenye taarifa ya mwezi, salio huendelea kutozwa riba, na sehemu kubwa ya malipo yake huishia kwenye riba badala ya kupunguza deni lenyewe.

Ukubwa wa tatizo ulidhihirika Novemba 2022, Benki Kuu ya Kenya ilipotangaza mpango wa kuwasaidia wakopaji wa simu walioorodheshwa na kampuni za taarifa za mikopo, maarufu kama CRB. Mpango huo uliwalenga wakopaji zaidi ya milioni 4.2 wa mikopo ya muda usiozidi siku 30, yenye thamani ya takribani Sh30 bilioni. Wakopeshaji walitakiwa kusamehe angalau nusu ya deni, na mkopaji kumaliza sehemu iliyobaki kufikia mwisho wa Mei 2023.

Haki za mdaiwa kabla ya kufika mahakamani

Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinaweka kikomo cha riba. Mkopo wa benki unapoacha kulipwa na kuhesabiwa kuwa mkopo usiolipika, riba inayoweza kudaiwa kuanzia hapo haiwezi kuzidi kiasi cha msingi kilichokuwa kimebaki wakati huo. Aliyebakiwa na msingi wa Sh80,000 hawezi kudaiwa jumla inayopita Sh160,000, mbali na gharama za kufuatilia deni. Mdaiwa anapaswa kuomba hesabu iliyoandikwa ili kuona kama kikomo hicho kimezingatiwa.

Kanuni za Watoaji wa Mikopo ya Kidijitali za 2022 zinawataka wakopeshaji hao kupata leseni ya Benki Kuu. Zinawakataza pia kumtishia mdaiwa, kumtolea lugha chafu, kuwapigia simu watu walio katika orodha ya mawasiliano ya simu yake, au kutangaza deni lake mtandaoni ili kumwaibisha. Anayetendewa hivyo anaweza kulalamika kwa Benki Kuu na, pale taarifa zake binafsi zinapohusika, kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Kushindwa kulipa deni si kosa la jinai. Hata hivyo, mdai aliyeshinda kesi ya madai anaweza kuiomba mahakama imfunge mdaiwa katika jela ya madai kwa muda usiozidi miezi 6. Mdaiwa hupewa kwanza nafasi ya kueleza kwa nini asifungwe, na kifungo hicho hakifuti deni. Kwa sababu hiyo, wito wa mahakama haupaswi kupuuzwa.

Njia tatu kabla ya ufilisi

Makubaliano ya hiari. Mdaiwa mwenye kipato huandaa pendekezo la malipo akisaidiwa na mtaalamu wa ufilisi mwenye leseni. Mahakama inaweza kutoa agizo la muda linalozuia wadai kuendelea na kesi hadi watakapopigia kura pendekezo hilo. Likipitishwa, huwafunga pia wadai waliolipinga kwenye kura. Njia hii humfaa zaidi mwenye mshahara au biashara inayoendelea.

Agizo la kulipa kwa awamu. Hili ni la mtu ambaye madeni yake yasiyo na dhamana hayazidi Sh400,000 na ambaye hawezi kuyalipa yote kwa wakati mmoja. Maombi huwasilishwa kwa Mpokeaji Rasmi, ofisa wa serikali anayesimamia masuala ya ufilisi chini ya Huduma ya Usajili wa Biashara. Mdaiwa hulipa kidogo kidogo chini ya msimamizi, na wadai husimamisha hatua dhidi yake maadamu anatimiza masharti.

Utaratibu wa mdaiwa asiye na mali. Huu ni wa mtu mwenye madeni ya kati ya Sh100,000 na Sh400,000, asiye na mali inayoweza kuuzwa wala uwezo wa kulipa, na ambaye hajawahi kutangazwa muflisi wala kutumia utaratibu huu. Akikubaliwa, wadai huzuiwa kumfuatilia, na baada ya miezi 12 huondolewa madeni yanayohusika.

Utaratibu huu wa mwisho una sharti ambalo kijana anapaswa kulifahamu mapema. Aliyeficha mali, au aliyekopa huku akijua hana uwezo wa kulipa, hukataliwa. Anayeendelea kuchukua mikopo mipya baada ya kuelewa kwamba ameshindwa huenda akajifungia mlango ambao ungemfaa kuliko yote.

Kutangazwa muflisi

Mdaiwa mwenyewe anaweza kuiomba mahakama imtangaze muflisi. Mdai pia anaweza kufanya hivyo, kwa kawaida baada ya kumpa mdaiwa hati ya madai na siku 21 kupita bila malipo. Agizo likitolewa, mali ya mdaiwa huwa chini ya msimamizi wa ufilisi, ambaye huiuza na kuwagawia wadai. Sheria humwachia muflisi zana muhimu za kazi na vyombo vya lazima vya nyumbani kwa kiwango kilichowekwa.

Muflisi hawezi kuondoka nchini wala kuendesha biashara bila idhini. Kwa mujibu wa Katiba, hawezi pia kuchaguliwa kuwa mbunge au mwakilishi wa wadi hadi atakapoondolewa katika hali hiyo.

Kwa kawaida hali hiyo humalizika yenyewe baada ya miaka 3, iwapo hakuna pingamizi. Hesabu ya miaka hiyo huanza siku muflisi anapowasilisha taarifa ya hali yake ya kifedha, kwa hiyo anayechelewa kuiwasilisha huongeza muda wake mwenyewe.

Yasiyofutwa

Kuondolewa katika ufilisi hakufuti faini za mahakama, madeni yaliyopatikana kwa udanganyifu, wala malipo ya matunzo ya familia. Pia hakumwondolei mdhamini wajibu wake. Mzazi, ndugu au rafiki aliyetia saini kumdhamini kijana ataendelea kudaiwa hata baada ya kijana huyo kuwa huru, na ni vyema akaarifiwa kabla ya hatua yoyote kuchukuliwa.

Maandalizi

Kabla ya kufika kwa Mpokeaji Rasmi au kwa wakili, mdaiwa anashauriwa kuandaa yafuatayo:

- orodha kamili ya wadai wote, ikiwemo mikopo ya simu, chama na watu binafsi, pamoja na kiasi cha kila deni;
- mikataba ya mikopo na taarifa za benki na za simu;
- ripoti ya CRB, ambayo kila mtu ana haki ya kuipata bila malipo mara moja kwa mwaka;
- ushahidi wa mapato na matumizi ya kila mwezi;
- orodha ya mali zote, pamoja na alizouza au kumpa mtu mwingine hivi karibuni;
- majina ya wadhamini.

Taarifa hizi zinapaswa kuwa kamili na za kweli, kwa kuwa kuficha deni au mali kunaweza kumnyima mdaiwa nafuu anayoiomba na hata kumfungulia mashtaka.