Kujihami katika kesi ya shambulio

Kujihami ni utetezi unaomwondolea mshtakiwa hatia ya jinai pale anapotumia nguvu kumzuia mtu anayemshambulia isivyo halali, au anayemshambulia mwingine. Tanzania Bara inauweka katika Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, vifungu vya 18 hadi 18C kwa namba zilizozoeleka. Sheria ni moja Tanzania Bara nzima: mkazi wa kata ya Isansa, Mbozi, aliyeshtakiwa kwa ugomvi wa mpaka wa shamba la kahawa hupimwa kwa kigezo kilekile cha mkazi wa Tunduma.

Kigezo hicho ni nguvu ya kiasi, iliyolazimu wakati ule. Hapa ndipo kesi nyingi hukwama. Aliyekamata mkono ulioinua fimbo ana hoja; aliyemfuata mgomvi akikimbia na kumpiga mgongoni hana, maana hatari imeshapita na kilichobaki ni kisasi. Nguvu ikizidi, mtuhumiwa huwajibika kwa kosa lililotokea, na kifo kikisababishwa na nguvu hiyo kosa ni kuua bila kukusudia. Kuua kunaruhusiwa katika hali chache, kama hofu ya msingi ya kuuawa au kupata madhara makubwa, ubakaji, utekaji au unyang'anyi.

Mshtakiwa hadaiwi kuthibitisha kuwa alijihami. Akiibua shaka ya maana, upande wa mashtaka ndio wenye kuiondoa. Fomu ya polisi namba 3, PF3, pekee haitoshi kwa hilo: huonyesha jeraha, si nani aliyeanza.